Kabla ya kuangalia bendera, uliza jiko ni la nani

Mhariri,

Magazeti ya Kiswahili yameandika mengi kuhusu watu wa LGBT (mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia) wanaokimbia makwao: sheria ya Uganda dhidi ya mashoga iliyotiwa saini Mei 2023, hukumu ya Mahakama Kuu ya Nairobi ya Mei 2019 iliyoviacha vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha ngono ya jinsia moja, kama vilivyokuwa, vipigo vya kambini Kakuma. Yanayofuata baada ya ndege kutua hayaandikwi. Mtu anashuka Toronto, Kanada, na begi lake, anaomba hifadhi, na muda mrefu kabla hajaitwa kusikilizwa anatakiwa awe na anwani. Makundi ya WhatsApp humpa majibu mawili. La kwanza: nenda Church na Wellesley, huko ndiko kwa mashoga. La pili: nenda kwa watu wa kwenu, hata kama ni besimenti, chumba cha chini ya nyumba, angalau mtasemezana Kiswahili. Yote mawili yana kasoro, na la pili ndilo linaloumiza zaidi, kwa hiyo tuanze nalo.

Sheria ya upangaji ya mwaka 2006 ya Ontario, jimbo lenye Toronto, inamlinda mpangaji kuliko wengi wetu tulivyozoea nyumbani. Mwenye nyumba hawezi kukubadilishia kitasa. Hawezi kuingia chumbani bila notisi ya maandishi ya saa 24, tena iwe kati ya saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Hawezi kukutoa bila amri ya Bodi ya Wamiliki na Wapangaji, na hata akiwa nayo, anayekuja kukutoa ni afisa wa mahakama, si shemeji yake mwenye misuli. Lakini kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinaacha nje chumba ambacho mkaazi wake analazimika kutumia jiko au bafu pamoja na mwenye nyumba, au mwenzi wake, mtoto wake au mzazi wake, wakiishi katika jengo hilo hilo. Na Kanuni ya Haki za Binadamu ya Ontario, ambayo tangu 1986 inakataza kumbagua mtu kwa mwelekeo wake wa kimapenzi na tangu 2012 kwa utambulisho wake wa kijinsia, ina mwanya wa aina hiyo hiyo katika kifungu cha 21: ukitumia jiko au bafu pamoja na mwenye nyumba au familia yake, ulinzi dhidi ya ubaguzi katika makazi haukufikii.

Soma vifungu hivyo viwili kwa pamoja uone vinamwacha wapi kuchu, yaani mtu wa LGBT, aliyefika juzi. Amepata chumba kwa Mswahili mwenzake kule Scarborough au Weston, kodi nafuu, ugali jioni, hakuna aliyemuuliza historia ya mikopo, yaani rekodi ya jinsi anavyolipa madeni. Mwezi wa tatu simu inapigwa kutoka Mombasa au Bujumbura: huyo mnayekaa naye mnamjua? Kesho yake mabegi yako barazani, theluji inaanguka. Polisi wakiitwa, mara nyingi huliona kuwa ni jambo la madai, si la jinai, na Bodi haina mamlaka juu ya chumba hicho. Mwenye nyumba hakuhitaji hata kutafuta kisingizio.

Sasa chukua nyumba hiyo hiyo, mwenye nyumba huyo huyo, kodi hiyo hiyo, ila besimenti ina jiko lake, bafu lake na mlango wake. Sheria zote mbili zinaingia kazini mara moja, hata kama mwenye nyumba anaishi juu yako na anasikia kila wimbo unaopiga. Ndiyo maana tunasema swali la kwanza si mtaa gani. Ni jiko la nani, bafu la nani, na mwenye nyumba analala wapi. Ukishirikiana jiko na wapangaji wenzako huku mwenye nyumba akiishi kwingine, uko salama kisheria. Ukishirikiana naye, au na mama yake, hauko.

Kuna mitego miwili hapa. Mmoja ni jiko la jina tu: unaoneshwa sinki na friji ndogo, unaambiwa “hili lako”, halafu hakuna jiko la kupikia na kila ukitaka kuchemsha maharage unapanda juu. Kagua kama kuna jiko la umeme au gesi linalowaka, na mkataba uandike wazi kwamba lipo. Mwingine ni kupanga kwa mpangaji. Ukimlipa mtu ambaye naye ni mpangaji, na jina lako halimo kwenye mkataba wa mwenye jengo, mara nyingi Bodi itakuona kama mgeni wake tu. Akikuchoka, au akihama usiku, huna haki ya kubaki. Sharti jina lako liongezwe kwenye mkataba kabla hujatoa pesa.

Tuliseme na hili la pesa maana ndilo linalowaliza watu wiki ya kwanza. Anachoruhusiwa kudai mwenye nyumba wa Ontario wakati wa kuingia ni kodi ya mwezi wa kwanza na amana isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, ambayo italipia mwezi wako wa mwisho. Anaweza pia kuchukua amana ya ufunguo, isiyozidi gharama halisi ya kuchonga mwingine, na lazima airudishe. Amana ya uharibifu hairuhusiwi kabisa. Kudai miezi 6 au 12 mbele hakuruhusiwi, ingawa wageni huambiwa “kwa kuwa huna historia ya mikopo hapa”. Risiti ni haki yako bila malipo ukiiomba. Namba yako ya bima ya jamii, ambayo kwa mwombaji hifadhi huanza na 9, si lazima uitoe kwa mwenye nyumba. Na usitume hata senti moja kwa mtu anayesema yuko nje ya nchi na funguo zitakuja kwa posta. Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya utapeli wa vyumba, nayo huwanasa zaidi wanaoogopa kwenda kuonana na watu ana kwa ana.

Kwa mikataba mingi iliyosainiwa tangu tarehe 30 Aprili 2018, fomu sanifu ya jimbo ni ya lazima. Mwenye nyumba asipokupa, mwandikie kuiomba. Ana siku 21. Fomu hiyo ina faida ya ziada kwa watu wetu: masharti yanayopingana na sheria hayana nguvu hata ukiyasaini. “Hakuna mgeni kulala” ni mojawapo. Anayelala kwako si kazi ya mwenye nyumba.

Sasa Church na Wellesley. Mtaa huo, unaoitwa kwa kifupi Village, uko katikati ya jiji kati ya barabara za Yonge na Jarvis, mwendo wa dakika chache kutoka kituo cha treni ya chini cha Wellesley. Bendera za upinde wa mvua zipo, hata vivuko vya barabara vimepakwa rangi. Kuna kituo cha The 519, kilichopewa jina la namba yake katika barabara ya Church, chenye huduma za wakimbizi wa LGBT, vikundi vya watu waliobadili jinsia na ushauri wa makazi. Kwa miguu kuelekea mashariki utafika Sherbourne Health, kituo cha afya kilichozoea wagonjwa wa LGBT na wageni. Mtu aliyezoea kutembea akiangalia nyuma atapumua hapo. Hilo hatulipingi.

Lakini nyumba njema si mlango. Kodi ya chumba kimoja cha kulala chenye sebule katikati ya Toronto inapita dola 2,000 za Kanada kwa mwezi, wakati mtu mmoja anayeishi kwa msaada wa jimbo, Ontario Works, hupata dola 733 kwa jumla, ambapo sehemu ya kodi haizidi 390. Hesabu hiyo haiingiliani hata ukikesha nayo. Pia usidhani kwamba mtaa wa mashoga haubagui Waafrika. Ubaguzi wa rangi katika kupangisha upo hapo kama kwingineko. Na usidhani kwamba bendera ni mlinzi. Kati ya 2010 na 2017 wanaume 8, wengi wao wenye uhusiano na Village, waliuawa na mtu mmoja, aliyekiri makosa mahakamani Januari 2019. Wengi wao walikuwa wahamiaji. Mmoja alikuwa Mtamil wa Sri Lanka aliyekataliwa hifadhi, na hakuna aliyekuwa ameripoti kwamba haonekani. Ushauri unaotoka hapo ni wa kila siku: awepo mtu mmoja Toronto anayejua unapolala, na ambaye utakuwa umekubaliana naye baada ya saa ngapi za ukimya aanze kuuliza.

Tunachopendekeza ni kuishi karibu na Village bila kuishi ndani yake. Jirani yake upande wa mashariki, ng'ambo ya Sherbourne, kuna St. James Town: minara ya ghorofa iliyosongamana kati ya Bloor na Wellesley, imejaa wageni wa kila taifa. Kutoka hapo hadi The 519 ni mwendo wa robo saa kwa miguu, huhitaji hata nauli. Majengo ni ya kizazi cha zamani, kwa hiyo kodi ni nafuu kuliko minara mipya ya vioo, na kuna jambo lingine ambalo watu hawalifikirii: jengo au sehemu mpya ya jengo iliyoanza kukaliwa baada ya tarehe 15 Novemba 2018 haina kikomo cha nyongeza ya kodi. La zamani linacho. Mwaka 2025 kilikuwa asilimia 2.5, mara moja tu kwa miezi 12, kwa notisi ya siku 90. Nyumba mpya inayokuvutia kwa punguzo la miezi miwili inaweza kukupandishia kodi mwaka ujao mpaka uhame mwenyewe.

Kasoro za St. James Town tunazijua: lifti zinazokwama, kunguni, mende. Kagua godoro na pembe za kabati kwa tochi ya simu. Fungua bomba la maji ya moto. Uliza lini mara ya mwisho walipiga dawa, na jibu liwe tarehe. Majengo ya ghorofa 3 na zaidi yenye nyumba 10 na zaidi yako chini ya programu ya jiji inayoitwa RentSafeTO, ambayo huyakagua na kuyapa alama. Alama hizo ziangalie kabla hujasaini. Joto ndani lifike nyuzi 21 katika miezi ya baridi, na lisipofika unapiga 311, namba ya huduma za jiji. Chukua na bima ya mpangaji. Moto wa Agosti 2018 katika jengo la 650 Parliament uliwatoa zaidi ya watu 1,500, na hakuna aliyeruhusiwa kurudi haraka.

Upande wa magharibi kuna Parkdale, wenye ghorofa za zamani, vyama vya wapangaji vilivyowahi kugoma kulipa kodi mwaka 2017 na kushinda, na tramu ya Queen. Mashoga na wasagaji wengi wamekuwa wakiishi huko kimya kimya, bila bendera nyingi. Leslieville upande wa mashariki ni pazuri pia lakini bei imeshakimbia. Mbali zaidi, Scarborough, Rexdale na Weston, kodi hupungua na Kiswahili huongezeka. Hatumkatazi mtu kwenda huko. Ila ahesabu safari ya usiku, kwa sababu kazi za mwanzo huwa ni za zamu: usafi, hoteli, maghala. Treni ya chini hulala karibu saa 7 na nusu usiku, na baada ya hapo unategemea mabasi ya usiku, kama 320 ya Yonge na 300 ya Bloor na Danforth, au tramu ya 306 ya Carlton. Kabla ya kusaini, safiri kutoka kazini hadi mlangoni mwa nyumba hiyo kwa saa ile ile utakayokuwa unarudi. Angalia umbali wa kutoka kituoni, taa, na nani amesimama pale. Kwa mtu aliyebadili jinsia, au kijana ambaye mwendo wake tu unamtaja, zile dakika 12 za mwisho ndizo mtaa wenyewe.

Kuhusu aina ya mwenye nyumba tuna upande wetu. Kampuni kubwa itakusumbua kwa karatasi lakini haitakuuliza nani analala kitandani mwako. Mwenye nyumba mdogo atakusamehe karatasi ila atakujua. Kwa mtu anayetaka kuachwa kwa amani, tunachagua kampuni. Karatasi zinapatikana. Peleka hati yako ya mwombaji hifadhi, barua ya mwajiri au ya Ontario Works, taarifa ya benki ya miezi michache na barua ya shirika linalokusaidia, zote kwenye bahasha moja. Kukosa historia ya mikopo nchini hakutakiwi kuhesabiwa dhidi yako kana kwamba ni mikopo mibaya, na kumkataa mtu kwa sababu tu anapokea msaada wa serikali ni ubaguzi unaotajwa na Kanuni ya Haki za Binadamu. Wanaume wawili wanaochukua nyumba ya chumba kimoja hawadaiwi maelezo. Hali ya ndoa nayo inalindwa, kwa hiyo usitunge hadithi ya “binamu yangu”, maana uongo kwenye fomu utakuja kukusumbua wewe, si wao. Aliyebadili jinsia aandike jina lililo kwenye kitambulisho sehemu ya sahihi, na aombe kwa maandishi kwamba barua na mazungumzo yatumie jina lake analoitwa.

Baada ya kuingia kuna mambo mawili madogo ambayo hufichua watu kuliko umbea. La kwanza ni ubao wa kengele mlangoni. Majengo mengi huorodhesha majina ya ukoo ya wapangaji pale nje, na jina la Kihaya au la Kigiriama halijifichi Toronto. Mwombe meneja aweke herufi au namba tu. La pili ni sanduku la barua. Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi, inayosikiliza ombi lako la hifadhi, na idara ya uhamiaji hukuandikia kwa anwani uliyowapa, na kila ukihama ni wajibu wako kuwajulisha wote wawili bila kuchelewa, si mmoja. Barua ya tarehe ya kusikilizwa ikienda nyumba ya zamani na usipotokea, ombi lako linaweza kutangazwa kuwa limetelekezwa. Na ikienda kwenye sanduku linaloshirikiwa na watu wa kwenu, mtu ataisoma kabla yako. Ukiwa bado kwenye makazi ya dharura au kwa rafiki, muulize wakili kama unaweza kutumia anwani ya ofisi yake kwa barua.

Kama huna pa kulala usiku huu, piga 311 uelekezwe makazi ya dharura ya jiji, na useme wazi kama unaogopa kuwekwa na watu wa nchi yako. Wahudumu hawawezi kukisia. Kwa vijana wa miaka 16 hadi 24 kuna Sprott House ya YMCA, iliyofunguliwa 2016 kwa ajili ya LGBT, lakini nafasi zake ni 25 tu. Kanisa la MCC Toronto, lile lililofungisha ndoa za jinsia moja Januari 2001 kabla serikali haijakubali, lina kikundi cha wakimbizi. Waislamu na wasio na dini huenda pia bila kuulizwa. Jiandikishe vilevile kwenye foleni ya nyumba za jiji mapema. Waombaji hifadhi wanaruhusiwa, ila ni foleni ya miaka, kwa hiyo anza leo kisha endelea kutafuta kwingine.

Mambo yakiharibika katika nyumba yenye jiko lako mwenyewe, usihame kwanza. Andika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, kwa lugha ile ile yaliyosemwa. Tusi la Kiswahili lisitafsiriwe na wewe. Hifadhi ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana hufutwa na aliyeutuma. Kwa bughudha au mwenye nyumba kuingia chumbani bila notisi kuna fomu T2 ya Bodi ya Wamiliki na Wapangaji, na kwa ubaguzi kuna Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ontario; zote mbili zinakupa mwaka mmoja tangu tukio. Kituo cha msaada wa kisheria cha haki za binadamu cha jimbo, ofisi za msaada wa sheria za mitaa na Canadian Centre for Housing Rights hushauri bila malipo. Mkalimani ukimhitaji, unaweza kusema hutaki anayetoka mji wenu.

Mwisho ni ombi kwako, Mhariri. Kurasa za matangazo za magazeti yetu ya ughaibuni hubeba matangazo ya “chumba kwa Mswahili mwenzetu” yenye namba ya simu na bei, basi. Tunaomba kila tangazo litaje mambo matatu: jiko na bafu vinatumiwa na nani, mwenye nyumba anaishi humo au la, na kituo cha karibu kinafikiwa kwa dakika ngapi kwa miguu. Yanaingia katika mstari mmoja wa tangazo, na mwenye nyumba asiyetaka kuyataja arudishiwe pesa yake.

Wasaidizi wa makazi kwa wageni,
Toronto